Mimi bila Sisi: Manowari Chini ya Milima ya Ufipa

Wapo watu waliojaaliwa kupenda manowari tangu utotoni mpaka ndevu zikaingia mvi. Mtajie mmoja wao Königsberg, naye atahesabu mizinga yake kumi ya milimita 105 kama mzazi anayehesabu vidole vya mwanawe. Mwulize habari za Glasgow, meli ya Sultani wa Unguja iliyozamishwa na Waingereza tarehe 27 Agosti, 1896, katika vita visivyotimiza saa moja, naye ataeleza ilikoundwa, ilivyopigwa na ilivyozama. Mapenzi haya si ya kubezwa. Lugha yenyewe imeyafungulia mlango: neno manowari limetoka katika vinywa vya mabaharia wa Kiingereza, likapiga kambi pwani, likazaa, na leo hakuna anayelihesabu kuwa mgeni.

Ugomvi basi si na mapenzi. Ugomvi ni na hadithi inayofuatana nayo, hadithi ambayo kila meli ina nahodha, kila nahodha ana jina, na baada ya hapo hapana mtu mwingine. Na hakuna mahali ambapo upungufu huu unaonekana wazi kama kule ambako msomaji wa visiwani hafikirii kabisa kutafuta manowari: chini ya uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika.

Mtu wa pwani akisikia Sumbawanga huwaza baridi, mahindi, na zile porojo za uchawi zilizofumwa kwenye jina la mji, ambalo husemwa kuwa maana yake ni kuutupa uchawi huo. Haimpitikii kwamba kutoka uwanda huo wenye mwinuko wa mita 1,700 na zaidi, ardhi huporomoka mpaka kwenye maji yaliyo mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Na kwamba mwisho wa barabara ya Matai, yapata kilomita 112 kutoka mjini, ipo Kasanga, ambayo Wajerumani waliijengea boma mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na kuiita Bismarckburg. Hapo palikuwa na bandari ya kivita. Meli zilitoka hapo kwenda kupiga, na nyingine zikaja hapo kupigwa.

Achukuliwe basi mtoto wa Sumbawanga aliyejaaliwa mapenzi hayohayo ya manowari. Akifungua kitabu, kwa kawaida cha Kiingereza, ataikuta pwani ya kwao imevaa jina la waziri wa Kijerumani. Atamkuta Luteni Kamanda Geoffrey Spicer-Simson, mwenye chale mwili mzima na sketi kiunoni, akichekwa na kusifiwa kurasa mia mbili. Atawakuta Gustav Zimmer na Job Rosenthal. Watu wa kwao atawakuta wamesimama ufukoni, wengi, weusi, wanashangaa. Hawasemi neno. Mtoto huyo anafundishwa kwamba ili apende meli za ziwa lake hana budi kwanza kuacha kuwa mtu wa ziwa hilo.

Kisa chenyewe kinajulikana kwa wapenzi wa fani hii. Mwaka 1914 Wajerumani walilitawala ziwa. Mwezi Agosti mwaka huo meli yao Hedwig von Wissmann, iliyoanza kazi ziwani mwaka 1900, iliipiga na kuilemaza meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune. Novemba wakaiangamiza meli ya Kiingereza Cecil Rhodes iliyokuwa imelala ufukoni Kituta, ng'ambo tu ya mpaka wa Ufipa. Walikuwa pia na Kingani, ambayo msomaji wa Bagamoyo atalijua jina lake bila kufundishwa, kwani ni jina la mto wa huko. Juu ya hizo ikaja Graf von Götzen: meli ya urefu wa mita 71, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikavuka bahari mpaka Dar es Salaam, ikapanda reli mpaka Kigoma, na kushushwa majini tarehe 5 Februari, 1915.

Waingereza wakajibu kwa mashua mbili za injini za urefu wa mita 12. Spicer-Simson alitaka ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wake wakakataa, naye akaziita Mimi na Toutou, ambayo ni maneno ya kitoto ya Kifaransa kwa wanyama walewale. Hakujua, wala hakujali kujua, kwamba anazipeleka kwenye nchi ambayo Mimi ni neno zima. Mwenye Kiswahili akilisoma jina hilo ubavuni mwa mashua hana haja ya mfasiri. Habari yote ya vita vile imeandikwa na Mimi. Sisi haikupewa hata kihori.

Na itazamwe njia iliyopitwa na huyo Mimi. Mashua ziliondoka Uingereza Juni 1915, zikafika Cape Town, zikapakiwa treni mpaka Fungurume katika Kongo. Kutoka hapo reli haikuwapo, na mbele yake palikuwa na milima ya Mitumba. Mashua za baharini zikapandishwa mlima. Zilivutwa kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe, katika barabara iliyofyekwa mbele yake mti kwa mti, juu ya madaraja zaidi ya mia yaliyojengwa kwa magogo kwa ajili ya safari hiyo moja. Nani aliyafyeka? Nani aliyakata magogo hayo? Matrekta yalipokaribia kukauka katika kiangazi, wanawake waliteka maji na kuyabeba kwa mitungi kichwani ili moto usizimike. Mashua zikafika Lukuga mwishoni mwa Oktoba. Tarehe 26 Desemba wakaikamata Kingani na kuibadilisha jina iwe Fifi. Tarehe 9 Februari, 1916, wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Nishani zikatolewa.

Mitungi haikupewa nishani, na huo ni uonevu wa kawaida ambao dunia imeuzoea. Lakini kwa mpenzi wa manowari pana jambo zito zaidi ya uonevu: ni kosa la elimu. Manowari isiyofika majini si manowari, ni chuma kwenye behewa. Anayejua kipimo cha mzinga wa Mimi na asijue ni mikono ya nani iliyoupandisha Mitumba hajui habari ya manowari hiyo; anajua habari ya mzinga.

Watakuja wenye kusema kwamba haya ni maneno ya siasa, na kwamba historia ya meli ni historia ya ufundi. Vema, na uchukuliwe huo ufundi. Meli za mvuke za Ziwa Tanganyika hazikuwa na makaa ya mawe. Zilikula kuni. Siku ile Hedwig von Wissmann ilipofukuzwa, mabaharia wake walizimwagia kuni mafuta ili moto uwake zaidi na meli ikimbie. Kuni hizo hazikuota ndani ya meli. Zilikatwa katika misitu ya ufukoni, zikabebwa, zikapangwa matita kwa matita mahali ambapo meli ingetia nanga. Umbali ambao meli ya kivita iliweza kwenda, mwendo wake, saa ya kuondoka kwake, vyote vilipimwa kwa shoka la mtu asiyeandikwa. Bingwa wa ufundi anayejaza ukurasa kwa unene wa mabati ya chuma na asiweke mstari mmoja juu ya mkata kuni amekiuka ufundi wake mwenyewe.

Na kwa kuwa imetajwa chuma, Wafipa hawakuhitaji Mjerumani kuwaonyesha chuma. Kabla ya boma la Kasanga walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma katika malungu, tanuri za udongo zilizopita kimo cha mtu, na majembe ya Ufipa yalitembea mbali na Ufipa. Mtu aliyezaliwa katika nyumba ya mfua chuma alipoiona Hedwig ikipita chini ya mlima hakuona muujiza. Aliona chuma, kingi kuliko alivyowahi kukiona mahali pamoja, nacho kinaelea, na kinamtaka kuni. Fikra zake zilikuwa zipi? Hapa ndipo mshairi angepata kazi. Picha ya mwenyeji anayeshangaa ufukoni imekwisha kuchosha. Mfua chuma anayepima kwa jicho viungo vya manowari hajaandikwa.

Kisa cha Kasanga chenyewe kinastahili kusimuliwa, maana wasifuji wa Spicer-Simson hukipitia mbiombio. Mwishoni mwa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalivuka mpaka kutoka kusini. Kikosi cha Luteni Kanali Murray kiliizingira boma ya Namema, kusini mwa Ufipa, kisha kikageukia ziwani. Kazi ya mashua ilikuwa kuziba njia ya maji ili Wajerumani wa Kasanga wasitoroke. Spicer-Simson akafika, akaliona boma, akaiona mizinga imekodoa macho kutoka ukutani, akarudi nyuma. Usiku Wajerumani wakapanda vyombo vyao wakaenda zao. Murray alipoingia bomani tarehe 8 Juni alikuta mizinga ile ni ya mbao.

Mizinga ya mbao! Na haikuwa ya peke yake. Mzinga mkubwa wa Götzen nao ulikuwa umeng'olewa kupelekwa kwenye vita vya nchi kavu, na mahali pake pakawekwa wa bandia. Waingereza wakaendelea kuiogopa meli ile kwa mbali mpaka Wajerumani wenyewe walipoizamisha tarehe 26 Julai, 1916, karibu na mlango wa mto Malagarasi, baada ya kuzipaka injini zake grisi nyingi. Mabwana wawili wanaogopana kwa miti iliyochongwa. Waliokuwa wakibeba mizigo ya kweli, risasi za kweli na unga wa kweli, ni wapagazi, waliojulikana upande wa kusini wa mpaka kwa jina la tengatenga. Hao hapana aliyewadanganya kwa mbao. Uzito waliuona mabegani.

Sasa na liulizwe swali ambalo msomaji wa visiwani amekuwa akilingojea: haya yanatuhusu nini? Ziwa ni la bara, bahari ni yetu, na kila mmoja apige kasia kwake. Jibu liko mbele ya Forodhani. Tarehe 20 Septemba, 1914, alfajiri, Königsberg iliingia na kuipiga manowari ya Kiingereza Pegasus iliyokuwa imesimama bandarini Unguja ikitengenezwa injini. Makaburi ya mabaharia wake yako Chapwani, yenye mawe na majina. Königsberg ikakimbilia Rufiji, ikateketezwa humo tarehe 11 Julai, 1915. Lakini mizinga yake iliopolewa, na mmoja wao ndio ule uliopanda reli na kufungwa juu ya Götzen. Mdomo mmoja wa chuma ulinguruma mbele ya Mji Mkongwe na kisha ukaitishia Kasanga na Kituta. Mtu wa Unguja na mtu wa Ufipa walisikia mlio wa ukoo mmoja. Anayesema hayamhusu ameisahau hata mizinga iliyolala Ngome ya Yesu, Mombasa, wa Pegasus na wa Königsberg, ambayo watalii huipiga picha kila siku.

Tena pwani ina udhuru mdogo kuliko wote. Pwani ndiyo yenye mila ya kuandika vita kwa utenzi. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy aliandika jinsi Wadachi walivyoitamalaki Mrima; Abdul Karim bin Jamaliddini aliandika Vita vya Maji Maji. Hao hawakungoja vitabu vya kigeni viwaambie nani alikuwapo. Waliandika wakiwa karibu, wakawapa watu majina. Lakini msomaji wa leo anayeweza kuwataja wote wawili, akiombwa utenzi wa vita vya Ziwa Tanganyika, atatoa badala yake sinema ya Marekani ya mwaka 1951, The African Queen, iliyotoka katika riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935: mzungu mlevi, bibi wa misheni, mashua mbovu, na mapenzi. Sinema hiyo inapendeza, na si kosa lake kwamba inapendeza. Kosa ni la wenye bahari ya vina na mizani walioiachia ikawasimulia ziwa lao.

Husemwa pia, na hili ndilo pingamizi lenye uzito, kwamba majina hayapo. Kwamba mwandishi mwaminifu hawezi kumtaja asiyeandikwa. Ni kweli kwamba hayapo katika daftari nyingi. Lakini kutokuwapo kwake si tukio la maumbile kama mafuriko. Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, waliokufa katika utumishi wa dola ya Kiingereza katika vita vile, wengi wao Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Na waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Waliamua kutoandika. Dar es Salaam iliwekewa sanamu ya askari mwaka 1927, bunduki mkononi, na mpagazi akaachiwa soko: Kariakoo, jina la kikosi cha wachukuzi lililofinyangwa na ndimi za watu. Kumbukumbu waliyopewa ni mahali pa kununulia vitunguu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Na haki hiyo ina saa yake, kwa sababu ya meli moja. Götzen haikubaki chini ya maji. Iliopolewa, ikazama tena, ikainuliwa na Waingereza mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina la ziwa ambalo Livingstone aliliandika mwaka 1867 aliposhuka kwenye ncha hiyo hiyo ya kusini. Ihesabiwe vizuri: ilikuwa chombo cha vita kwa muda usiotimia miezi 18, na chombo cha abiria kwa miaka inayokaribia 90. Iliwasimamia watu wa Kirando, Kipili, Wampembe, Kala na Kasanga, mara nyingi usiku, bila gati, mashua ndogo zikiisogelea gizani, magunia ya dagaa yakipanda ubavuni, mtoto akipokezwa mkono kwa mkono, na mama akiitwa kwa jina juu ya kelele ya injini. Mwaka 1997 ilirudisha wakimbizi Kongo. Mei 2015 iliwatoa Warundi Kagunga kuwapeleka Kigoma, watu wapatao 600 kwa safari. Ilipoacha safari mwishoni mwa miaka ya 2010, walioiandikia maombolezo ya kwanza katika magazeti ya dunia waliiita manowari ya Kaiser.

Manowari ya Kaiser! Kama mzee wa miaka tisini aitwe kwa kazi aliyoifanya akiwa na mwaka mmoja. Mikataba ya kuikarabati imekwisha kutiwa saini, na siku meli hiyo itakapotandikwa upya, bila shaka patatundikwa bamba la kumbukumbu sitahani. Wapenzi wa manowari watakuja na maneno yao tayari: Papenburg, Zimmer, mzinga wa milimita 105. Na yaandikwe, kwani ni kweli. Lakini juu yake, kwa herufi zisizo ndogo kuliko hizo, na yaandikwe majina ya bandari zake, kwa namna wenyeji wanavyoyatamka. Na iandikwe kwamba ilikwenda kwa kuni, na kwamba wakata kuni walikuwa watu wa fuko hizi.

Kasanga nako boma limesimama magofu. Wageni huja, hupiga picha, huuliza mzinga ulikuwa wapi, huondoka kwenda kuangalia maporomoko ya Kalambo. Halmashauri ikiweka kibao mahali hapo, kisiishie kwenye jina la Bismarck. Mzee aliyekata kuni za Hedwig hayupo tena, wala mwanawe labda hayupo; lakini wajukuu wapo Kala na Wampembe na Matai, na Kifipa na Kilungu vingali vinasemwa, na nyimbo za kazi hudumu kuliko watu. Mshairi wa Pemba au Lamu aliyekwisha kutunga juu ya majahazi na misimu, akitaka kuwapatia waliobeba manowari mahali pa kusimama katika beti zake, ataanzia hapo, kwa kuuliza. Zamani angejitetea kwa ubaya wa njia. Sasa lami inafika Kasanga.